Plagi Zilizonitia Adabu

Katika kabati la sebuleni kwangu, kando ya vikombe vya wageni, kuna kijaluba cha bati chenye plagi nne kuukuu za gari. Mke wangu amenisihi mara si haba nizitupe. Wageni nao huniuliza kama nimeanza biashara ya vyuma vikuukuu. Mimi hucheka tu nikakifunga kijaluba. Leo, msomaji mpendwa, nitakueleza kwa nini sizitupi. Huenda wewe uliye na gari, au wewe mwanafunzi unayetarajia kuwa nalo siku moja, ukaokoa pesa zako na pengine roho yako.

Baba yangu alinunua pikapu aina ya Datsun 1200 kwa pesa za kahawa. Wakongwe wa Meru na Embu wanazikumbuka siku hizo. Mwaka wa 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na kufikia 1976 na 1977 bei ya kahawa duniani ilikuwa imepaa. Huku kwetu karibu na Nkubu, watu walijenga nyumba za mabati, wakaoa, wakanunua redio. Baba alinunua pikapu. Ilikuwa imetumika, rangi yake ya samawati imechujuka, lakini alikuwa akiiosha kila Jumamosi kama mtu anayemwogesha mtoto.

Baba hakuwahi kuketi darasani hata siku moja. Hakuweza kusoma jina lake kwenye bahasha. Lakini injini ile aliijua kwa masikio na vidole. Ilikuwa ikikohoa kidogo tu, alikuwa akiinamisha kichwa, akasikiliza, kisha akasema silinda ipi haifanyi kazi. Pikapu hiyo ndiyo iliyobeba ndizi, kabichi na nyanya za majirani kutoka kwetu hadi soko la Embu, ikapitia Chogoria, Chuka na Runyenjes. Karo yetu sote ilitoka kwenye magurudumu yake manne.

Mnamo Januari 1986 nilikuwa nimekamilisha Kidato cha Nne, nikisubiri matokeo ya mtihani wa KCE. Nilikuwa nimefanya vyema katika fizikia na sikuficha jambo hilo. Nilitembea kijijini na kalamu mfukoni ingawa sikuwa na kitu cha kuandika.

Alhamisi moja, Baba alifungua boneti, akatoa plagi moja, akaifuta kwa kitambaa na kuifunga katika kipande cha gazeti. "Nenda Meru mjini," akaniambia, huku akinihesabia pesa. "Mpe mwenye duka hii, mwambie akupe nne kama hii. Kama hii, mwanangu. Si zinazofanana nayo."

Nilipofika barabarani, nilikifungua kile kipande cha gazeti. Plagi ilikuwa imeandikwa NGK BP5ES. Nikajiambia, mtu aliyefaulu fizikia abebe chuma chenye masizi mfukoni kama mtoto aliyetumwa kibiriti? Nikakariri herufi zile, nikaificha plagi chini ya kichaka cha ua wa jirani, nikapanda matatu.

Duka nililoingia silitaji. Mwenye duka alitazama rafu zake, akasema BP5ES zimekwisha. "Lakini chukua hizi," akasema, akaniwekea vijisanduku vinne mezani. "Spana ni ile ile, shimo ni lile lile. Na hizi ni namba sita, zako zilikuwa tano." Nikasoma: B6HS. Bei nayo ilikuwa nafuu.

Nilifikiri kidogo. Sita ni zaidi ya tano, hilo halihitaji chuo kikuu. Nikalipa. Shilingi kumi na mbili zilizobaki sikuzirudisha nyumbani. Nilikunywa chai na mandazi karibu na soko la Gakoromone, nikanunua kitana, nikarudi nikipiga mluzi. Kile kilichokuwa kichakani nilikiokota nikakitia mfukoni.

Jioni Baba alizifunga plagi mwenyewe. Aliianza kila moja kwa vidole kabla ya kugusa spana, kama alivyozoea. Akazungusha, akazungusha, kisha akasita.

"Mbona imekoma mapema?" akauliza. "Za kawaida huzunguka mara kumi na tano. Hii imezunguka kumi."

Nilishtuka. Sikujua kwamba alikuwa akihesabu. Hata hivyo, uongo una miguu myepesi. "Baba, hizi ni za kisasa," nikamwambia. "Namba yake ni kubwa zaidi. Mambo haya tumeyasoma."

Akanitazama kwa muda. Kisha mzee huyo, aliyeijua injini yake kuliko alivyoujua mkono wake, akaitikia kwa kichwa na kukaza. "Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Injini iliwaka. Hilo nililishangilia moyoni. Kumbe furaha ya mapema!

Jumamosi alfajiri tuliondoka na kreti za nyanya, mikungu ya ndizi na akina mama sita wa kijijini waliokuwa wenye mali. Mimi nilikuwa taniboi, nimeketi nyuma juu ya magunia. Kufika Chogoria, gari lilikuwa likitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Moshi mweusi ulitoka nyuma. Baba alitoa kichwa dirishani akasikiliza, lakini hakusema neno.

Anayeijua barabara hiyo anajua kinachofuata baada ya Chogoria ukielekea Chuka. Unateremka hadi daraja la Mto Nithi, kisha unaanza kupanda. Mahali hapo pamekula watu wengi. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na kuua watu zaidi ya 30, na kila nisikiapo jina la Nithi mwili wangu husisimka, kwa sababu najua ilivyobaki kidogo sisi pia tuhesabiwe.

Tuliteremka salama, tukavuka. Katikati ya mlima Baba aliingiza gia ya kwanza. Injini ikapiga mara mbili, tatu, ikazima. Alikanyaga breki na kuvuta breki ya mkono, lakini mzigo ulikuwa mzito. Polepole, gari likaanza kurudi nyuma kuelekea daraja.

Akina mama walipiga mayowe. Mimi niliruka chini, nikaokota jiwe la kwanza nililoliona na kulisukuma nyuma ya gurudumu. Likakwepa. La pili likashika. Gari likatua, upande mmoja ukiwa umelalia ukingo wa barabara, na kreti mbili za nyanya zikamwagika na kubiringika hadi chini. Hakuna aliyeumia. Mama mmoja, rafiki ya mama yangu, alishuka, akaketi kando ya barabara na kuishika mikono yake iliyokuwa ikitetemeka. Hakunilaumu. Angejuaje?

Lori lilituvuta hadi Chuka jua likiwa limepanda. Soko la Embu lilikuwa limetupita. Nyanya ziliuzwa palepale Chuka kwa bei ya kutupa.

Fundi wa Chuka alikuwa mtu wa makamo aliyefanyia kazi chini ya mti. Hakuuliza mengi. Alifungua plagi zote nne, akazipanga juu ya gunia kwa utaratibu wa silinda zake. Zilikuwa nyeusi tititi, zimejaa masizi kama sufuria ya kuni.

"Mzee, ni nani aliyekuuzia hizi?" akauliza. Baba hakujibu. Mimi nilitazama viatu vyangu. Fundi akaniona, akaona pia ile plagi ya zamani niliyokuwa nimeitoa mfukoni bila kufikiri. Akaichukua, akailaza kiganjani kando ya moja ya zile mpya.

"Njoo uone, kijana."

Meno ya ile ya zamani yalikuwa marefu kuliko ya mpya kwa takriban nusu ya upana wa kidole. Hapo ndipo nilipopewa somo ambalo fizikia yangu haikunifunza, na ambalo nimelithibitisha kwenye vitabu tangu siku hiyo.

Katika maandishi ya NGK, herufi B ya kwanza inaeleza unene wa meno, milimita 14. Plagi zote mbili zilikuwa na B, na kichwa chake pia kilikuwa cha spana ile ile. Ndiyo maana ziliingia. Lakini E inamaanisha urefu wa meno wa milimita 19, na H ni milimita 12.7. Meno hayo hupanda milimita 1.25 kwa kila mzunguko. Gawanya mwenyewe, msomaji: 19 inakupa mizunguko 15 na kidogo, 12.7 inakupa 10 na kidogo. Vidole vya Baba vilikuwa vimesoma namba ile sawasawa, bila herufi hata moja.

Kwa kuwa plagi ilikuwa fupi, ncha yake haikufika ndani ya chumba cha moto. Cheche ilipigwa ndani ya shimo, kama mtu anayewasha kiberiti ndani ya chupa. Petroli haikuungua vizuri. Tena yale meno ya kichwa cha injini yaliyobaki wazi huanza kushika masizi. Ukija kufunga plagi ndefu baadaye, hukwama hapo na kuyaharibu, hasa kwa kuwa kichwa cha injini ile ni cha aluminiamu, madini laini. Kinyume chake ni kibaya zaidi: plagi ndefu katika shimo fupi huchomoza ndani na inaweza kugongwa na pistoni.

"Na hii sita?" nikauliza kwa sauti ndogo. "Si ina nguvu zaidi?"

Fundi alicheka hadi akapangusa macho. Namba ile si ya nguvu, msomaji. Ni ya joto. Plagi hupoteza joto lake kupitia kaure yake nyeupe na chuma chake hadi kwenye kichwa cha injini. Ile inayopoteza joto haraka huitwa plagi baridi, inayolishikilia huitwa plagi moto. Ncha ikikosa kufika takriban nyuzi 500 za selsiasi, haiunguzi masizi, na plagi huchafuka. Ikipita 800 na ushei, hugeuka kaa la moto linalowasha petroli kabla ya wakati wake, na pistoni inaweza kutoboka.

Kwa NGK, na hata Denso, kadiri namba inavyopanda ndivyo plagi inavyokuwa baridi. Kwa hivyo sita yangu ilikuwa baridi kuliko tano. Lakini kwa Bosch na Champion mambo yamegeuzwa: namba ikipanda, plagi inakuwa moto zaidi. Kwa hiyo anayechagua plagi kwa kulinganisha namba za kampuni mbili ni sawa na anayepima unga kwa pishi na kuulipia kwa futi. Dawa ni jedwali la ulinganisho ambalo kampuni zenyewe hutoa.

Fundi aliendelea kunifunza kusoma uso wa plagi. Ikitoka na rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa, injini ina afya. Nyeupe kama chokaa ina maana joto limezidi. Nyeusi na kavu ni petroli nyingi au plagi baridi mno. Nyeusi iliyoloa ni oili inayopenya, na hapo plagi mpya hazitakusaidia. Tafuta pesa za kufungua injini.

Aliniambia jambo jingine ambalo wakazi wa milima yetu wanapaswa kulijua. Kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari, hewa huwa nyepesi, na gari la kabureta lililorekebishwa kwa nchi ya chini hupata petroli nyingi kuliko hewa. Huko nyanda za juu plagi hushika masizi upesi. Tena kazi ya gari ina neno lake. Pikapu ya maziwa inayosimama kila lango, ikitambaa kwenye matope, haipashi plagi joto jinsi inavyozipasha pikapu ya miraa kutoka Nyambene, inayokimbizwa usiku kucha ili majani yafike Nairobi yangali mabichi. "Lakini usianze ujuzi wako hapo," fundi akanionya. "Anza na ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukiwa na sababu, ndipo uulize fundi kama unaweza kusogea hatua moja. Moja tu."

Kisha akafungua kopo, akatoa plagi nne za BP5ES zilizotumika lakini nzima. Alisafisha meno ya mashimo, akapima mwanya wa kila ncha kwa kipimo chembamba cha bati, akazianza kwa vidole. Nilisimama karibu nikihesabu moyoni. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano.

Injini ilinguruma kama siku iliyonunuliwa.

"Kuingia si kufaa," fundi akasema, akinikabidhi zile plagi nne nyeusi. "Hizi zihifadhi."

Baba aliwalipa akina mama hasara yao, hadi senti ya mwisho. Pesa hizo zilikuwa za karo yangu. Nilipopata nafasi ya Kidato cha Tano, niliripoti shuleni nikiwa nimechelewa wiki mbili. Siku zote hizo Baba hakunigombeza, na hilo lilinichoma zaidi kuliko kiboko.

Miaka ikapita, nikapata kazi, nikaoa. Siri ya zile shilingi kumi na mbili ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Krismasi ya 1998, tukiwa tumeketi nje ya nyumba, nilipiga moyo konde nikamweleza yote: kichaka, bei nafuu, mandazi, kitana.

Akacheka. "Nilijua siku ile ile," akasema. "Duka lile nimenunua humo miaka mingi. Bei ya plagi naijua."

"Mbona hukusema, Baba?"

"Gari lilikuwa limekwisha kusema." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Pesa hazikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba vidole vyangu viliniambia kumi, nami nikaviambia vinyamaze kwa sababu wewe umesoma."

Msomaji, nimehudhuria mazishi mengi na kusikia hotuba nyingi, lakini sijasikia maneno yaliyonizamia moyoni kama hayo. Baba alifariki mwaka wa 2009. Maneno yake bado yako katika kile kijaluba.

Siku hizi magari yamebadilika. Mengi hayana kabureta, na plagi za iridiamu zenye ncha nyembamba kama sindano zinaweza kudumu hadi kilomita 100,000, ilhali zile za kawaida hutosheka na 20,000 au 30,000. Lakini mtego ni ule ule, na umeongezewa mwingine: bidhaa bandia, ambazo zimejaa sokoni licha ya sheria ya kupambana nazo iliyopitishwa mwaka wa 2008. Kwa hiyo ukienda kununua plagi, shika haya.

Soma kwanza kitabu cha gari au kibandiko kilicho chini ya boneti. Usiiamini plagi kuukuu peke yake, maana gari lililotumika Japani au kwa jirani huenda lilikwisha kufungwa zisizofaa. Hata hivyo ibebe dukani, uilaze kando ya mpya, ulinganishe unene wa meno, urefu wa meno na umbo la ncha. Herufi zote ziwiane, si namba tu. R haipo hapo kwa mapambo; huzuia cheche isivuruge redio na kompyuta za gari. Tarakimu 11 mwishoni mwa namba ya NGK hukuambia mwanya ni milimita 1.1. Plagi ya iridiamu usiipanue mwanya kwa bisibisi, utaivunja ncha. Ukikuta bei ya chini mno kuliko maduka mengine, jiulize kwa nini. Na injini iwe imepoa kabla ya kufungua.

Mwezi uliopita binti yangu anayefanya kazi Embu alinipigia simu. Gari lake lilikuwa likikosa nguvu, na muuzaji alikuwa amemwambia plagi zote ni sawa, mradi ziingie. Nikamwomba anisomee herufi za kwenye kitabu, kisha za kwenye kijisanduku, moja baada ya nyingine. Hazikulingana. Alitoka akaenda duka jingine.

Jioni alinipigia tena, akiwa gereji, fundi akizifunga. "Mwambie aanze kwa vidole," nikamwambia. "Nawe simama karibu uhesabu mizunguko. Akikwambia anajua, hesabu tu."